Bahasha ya Maushi: akiba ya uzeeni kwa wafanyakazi wa ndani nchini India

Niliishi Pune, katika jimbo la Maharashtra, kwa miaka 11, na karibu muda wote huo nyumba yetu ilisafishwa na mama mmoja ambaye sisi sote, wakubwa kwa watoto, tulimwita Maushi. Kwa Kimarathi neno hilo lina maana ya mama mdogo, na ndivyo wafanyakazi wengi wa ndani wanavyoitwa katika mji ule. Ni jina la heshima, lakini kama nilivyokuja kubaini baadaye, heshima hiyo haina pensheni ndani yake. Ninawaandikia Waswahili wenzangu walioko India kikazi, kibiashara au kimasomo, ambao mapema au baadaye watampata mtu wa kuwasaidia kazi za nyumbani, kwa kuwa mimi nilikosea jambo ambalo halikuweza tena kurekebishwa.

Maushi hakuwa akilala kwetu. Alifika saa moja na nusu asubuhi, akaosha vyombo, akafagia na kupiga deki, kisha akaenda ghorofa ya tatu, na baada ya hapo kwenye nyumba nyingine mbili za mtaa huohuo. Kila nyumba ilimlipa rupia 2,000 hadi 3,000 kwa mwezi. Mwaka 2013, baada ya kunizoea, aliniomba niwe nambakizia rupia 500 katika kila mshahara. "Tai, niwekee," alisema (Tai kwa Kimarathi ni dada), maana nyumbani kwake pesa haikai: leo shemeji ana arusi, kesho paa linavuja. Nikatafuta bahasha ya kaki, nikaiweka kabatini chini ya mashuka, na kila mwezi nikawa naandika kiasi kwenye daftari la shule naye anatia alama ya vema pembeni. Nilijiona mwajiri mwema kupita majirani zangu wote.

Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwenye televisheni kwamba noti za rupia 500 na 1,000 hazitakuwa tena fedha halali kuanzia saa sita ya usiku huo. Bahasha ilikuwa na rupia 18,000, zote noti za 500. Tulikuwa na hadi tarehe 30 Desemba kuzipeleka benki, na bahati ni kwamba Maushi alikuwa na akaunti, mojawapo ya zile za mpango wa serikali wa Jan Dhan zilizofunguliwa kwa mamilioni kuanzia Agosti 2014 bila kiasi cha chini cha kuanzia, ingawa kitabu chake cha benki kilikuwa hakijawahi kuchapishwa mstari hata mmoja. Tulipanga foleni siku mbili na pesa zikaokoka. Nikadhani somo ni kwamba pesa hukaa benki, si kabatini.

Somo lenyewe lilikuja mwaka 2019, serikali ilipoanzisha mpango wa pensheni wa Pradhan Mantri Shram Yogi Maan-dhan kwa wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi wenye kipato kisichozidi rupia 15,000 kwa mwezi. Nilisoma tangazo, nikampeleka Maushi kwenye kituo cha huduma za serikali, ambacho kwa kweli ni chumba chenye kompyuta na mashine ya fotokopi pembeni mwa duka la madaftari. Kijana aliyekuwa zamu aliichukua kadi yake ya utambulisho, Aadhaar, akaitazama, akairudisha mezani. Ilisema amezaliwa tarehe 1 Januari 1978. Mwisho wa kujiunga ni miaka 40, naye kwa kadi hiyo alikuwa na 41.

Tarehe 1 Januari inapaswa kukushtua popote utakapoiona kwenye kitambulisho cha mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mara nyingi ni makisio ya karani aliyemtazama mtu usoni na kumpa mwaka. Maushi mwenyewe anahesabu umri wake kwa tetemeko la ardhi la Latur, lililotokea Septemba 1993: aliolewa mwaka uliofuata, naye alikuwa na miaka 14. Ukipiga hesabu hiyo, siku ile kituoni alikuwa bado hajafikisha 40. Lakini tarehe ya kuzaliwa kwenye Aadhaar hurekebishwa mara moja tu na kwa hati, naye hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha shule, maana shule hakuiona.

Kilichoniuma zaidi niligundua jioni ile niliposoma kwa makini: mpango mwingine, Atal Pension Yojana, ulikuwa wazi tangu Mei 2015, na mwaka huo, hata kwa kadi yake yenye makisio, Maushi alikuwa na miaka 37. Aliweza kabisa kuingia. Pesa za michango zilikuwapo, chini ya mashuka yangu, hazizai kitu, na mimi ndiye niliyekuwa nimezikalia huku nikijisifu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mtu akianza kazi kwako, jambo la kuuliza wiki hiyohiyo, kabla ya kupatana habari ya sikukuu na likizo, ni umri wake kwenye karatasi. Usiutegemee umri wa moyoni mwake wala ule unaoudhania wewe. Akiwa hajavuka 40, milango miwili iko wazi, na kila mwaka unaopita mchango unazidi kuwa mzito. Katika Shram Yogi Maan-dhan anayeanza na miaka 18 huchangia rupia 55 kwa mwezi, anayeanza na 29 huchangia 100, na anayeanza na 40 huchangia 200, serikali ikiongeza kiasi kilekile juu yake. Akifika 60 hulipwa rupia 3,000 kila mwezi. Katika Atal mtu huchagua mwenyewe pensheni ya kati ya rupia 1,000 na 5,000, na kwa hiyo ya 5,000 anayeanza na miaka 18 hulipa 210 kwa mwezi, mwenye 30 hulipa 577, ilhali mwenye 40 hulipa 1,454. Tazama mwendo wa namba hizo, utaelewa kwa nini nalia na bahasha.

Ukiulizwa uchague upi, watu wengi watakuelekeza kwenye wa kwanza kwa kuwa mchango wake ni mdogo na serikali inaongeza kiasi kilekile. Mimi nasita. Katika mpango huo, mwanachama akifariki akiwa tayari analipwa, mwenzi wake wa ndoa hupata nusu ya pensheni, na wote wawili wakishaondoka fedha iliyobaki hurudi kwenye mfuko. Watoto hawana chao. Atal inampa mwenzi pensheni ileile nzima, na baada yake fungu lililokusanywa hukabidhiwa mrithi aliyeandikishwa, ambalo kwa pensheni ya 5,000 ni rupia laki nane na nusu. Wengi wa akina mama hawa ni wajane au wameachwa, na wote niliowafahamu walikuwa wakiosha vyombo kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana binti wa Maushi, aliyekuwa na miaka 22 na tayari ana nyumba tatu za kufanyia kazi, tulimwandikisha Atal kwa mchango usiofika rupia 300 kwa mwezi. Kasoro yake nilimweleza waziwazi: pensheni hiyo haipandi pamoja na bei za sokoni, na rupia 5,000 za mwaka 2057 hazitakuwa 5,000 za leo. Alijibu kwamba mama yake hatapata hata hizo.

Labda utajiuliza kwa nini mwajiri halazimiki kuchangia, kama ilivyo ofisini. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi nchini India unazihusu taasisi zenye watu 20 au zaidi, na kiinua mgongo kinaanzia kwenye watu 10. Nyumba yenye mfanyakazi mmoja anayekuja kwa saa mbili haimo kabisa. Sheria ya mwaka 2008 ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wasio katika sekta rasmi iliwatambua wafanyakazi wa ndani bila kumtoza mwajiri chochote. Maharashtra mwaka huohuo ilipitisha sheria ya kuunda bodi ya ustawi wa wafanyakazi wa ndani, na faida ya kujiandikisha huko ilionekana Aprili 2021, wakati wa korona, serikali ya jimbo ilipotangaza rupia 1,500 kwa waliokuwa kwenye orodha. Maushi hakuwamo, na wakati huo nyumba zake mbili zilikuwa zimemzuia asipande ngazi.

Sasa kuhusu vidole, maana mipango yote hii inapitia hapo. Kituoni mtu huweka kidole kwenye kimashine kidogo ili kithibitishe kwamba yeye ndiye mwenye Aadhaar, na mwanamke aliyesugua masufuria ya chuma cha pua kwa sabuni ya mche miaka 25 hana tena mistari ya kutosha kwenye vidole. Siku tuliyorudi kumjaza taarifa kwenye e-Shram, orodha ya taifa ya wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, iliyofunguliwa Agosti 2021, kimashine kilimkataa Maushi mara sita. Alijifuta kwa ncha ya sari, akajaribu dole gumba, akajaribu mkono wa kushoto. Njia ya pili ni namba ya siri inayotumwa kwenye simu, lakini simu iliyosajiliwa ilikuwa ya mwanawe na laini ilishapotea. Kwa hiyo, kabla ya jambo jingine lolote, hakikisha namba ya simu iliyoko kwenye Aadhaar ni ya mwenyewe na inaita, na kwamba jina lililoko huko linafanana herufi kwa herufi na lile la kitabu cha benki. Usipofanya hivyo utapoteza siku nzima, naye atapoteza ujira wa nyumba nne.

Jambo lingine dogo lenye madhara makubwa ni tarehe ya makato. Mchango hukatwa wenyewe kwenye akaunti, na binti yule alikuwa akilipwa tarehe 5 ilhali makato yakipita tarehe 2, akaunti ikiwa tupu. Kila kosa lina faini ndogo, na makosa yakirundikana uanachama wenyewe unaingia hatarini. Tulichofanya ni kumwingizia mshahara tarehe 1. Hakuna aliyeumia.

Mchango huo ulipe wewe, juu ya mshahara, wala usiukate ndani yake. Nilizungumza na wenye nyumba wengine watatu tuliokuwa tukimtumia Maushi tugawane mzigo wa akiba yake, maana ukigawanywa kwa nne unakuwa pesa ya chai: mmoja alikubali, wa pili alisema yeye hutoa sari kila Diwali na hiyo inatosha, na wa tatu aliogopa kwamba akiwa na akiba ataacha kazi. Tukaendelea wawili. Kitabu cha benki na kadi abaki nazo mwenyewe. Na akikataa usimburute. Wapo wanaoamini dhahabu kuliko serikali, wapo wenye bhishi, ambayo ni upatu kama wetu, na huko Bengali Magharibi maskini wengi walipoteza akiba zao kampuni ya Saradha ilipoanguka mwaka 2013, kwa hiyo anayeogopa karatasi si mjinga.

Pamoja na pensheni kuna bima mbili ambazo sioni sababu ya mtu kuzikosa: ya maisha, kwa rupia 436 kwa mwaka, anayoweza kujiunga nayo hadi miaka 50, na ya ajali, kwa rupia 20 tu kwa mwaka, hadi miaka 70. Kila moja hulipa laki mbili. Nilipokuwa nikimweleza Maushi nilifurahi kuona kwamba maneno laki, rupia na bima hayakuhitaji mkalimani, kwani tunayo sote.

Na kwa aliyevuka 40? Pensheni ya bure ya uzeeni, ile ya serikali kuu kwa maskini waliofika 60, ni rupia 200 kwa mwezi, na majimbo huongeza kila moja kwa uwezo wake. Usimwachie mtu hiyo peke yake. Maushi tulimfungulia posta akaunti ya akiba ya muda mrefu inayojulikana kama PPF, inayofungwa kwa miaka 15, yenye kiwango cha chini cha rupia 500 kwa mwaka na riba ambayo tangu Aprili 2020 imekuwa asilimia 7.1. Kufungwa kwake ndiko nilikokupenda, kwa sababu shemeji mwenye arusi akija, jibu ni kwamba pesa haitoki kirahisi. Bahasha yote iliingia humo, nami nikaongezea riba ya miaka ile niliyoikalia, kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe kwenye daftari lilelile. Itaiva mwaka 2035.

Tulipohama mwaka 2023 majirani waliniambia kwamba kwa desturi mfanyakazi huachiwa friji. Nilikwenda posta tarehe ya mwisho ya mwezi nikamwekea Maushi mshahara wa nusu mwezi kwa kila mwaka aliofanya kazi kwetu, nikamkabidhi stakabadhi na kumsomea kiasi kilichoandikwa. Alitazama karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye blauzi. Kisha akauliza, "Na friji, Tai?" Friji nayo aliichukua.