Umealikwa kwenye klabu ya huduma kwa jamii? Hivi ndivyo kazi ilivyo kwa ndani

Mkuu, umesema rafiki yako anakualika kwenye klabu ya huduma kwa jamii. Umeona picha zao wamevaa fulana zinazofanana na wameshika hundi kubwa ya kadibodi, sasa unataka kujua kama nyuma ya picha kuna kazi, au ni watu wanaokutana kula na kupigiana makofi. Mimi ni mwanachama wa miaka mingi wa mojawapo ya klabu hizi. Nimewahi kuwa katibu, na sehemu kubwa ya muda wangu nimekaa kwenye kamati ya miradi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Kazi ipo, na nyingi haipigwi picha. Ila klabu hazilingani. Ukitaka kuzitofautisha, acha kuhesabu miradi. Angalia wanachokirudia. Klabu inayosema "mwaka huu tumefanya miradi ishirini" hunitia wasiwasi kuliko ile inayosema "tuna mitatu, na huu mmoja tuko nao tangu kabla sijajiunga."

Kwanza historia kidogo, maana inasaidia kuelewa. Rotary, mojawapo ya klabu hizi, ilianzishwa Chicago, Marekani, mwezi Februari 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Mwanzoni ilikuwa namna ya watu wa biashara na taaluma kufahamiana katika jiji lisilojali mtu. Mwaka 1907 wakaingia kwenye huduma kwa kupigania vyoo vya umma katikati ya jiji. Wanachama wapya hupenda kuwaza mambo makubwa, nami hupenda kuwaambia kwamba vuguvugu hili lote lilianzia chooni, kwenye hitaji ambalo kila mpita njia alikuwa nalo na hakuna aliyekuwa akilishughulikia. Kiwanis ilifuata Detroit mwaka 1915, na Lions mwaka 1917, kazi ya wakala wa bima aitwaye Melvin Jones. Wanawake walipata za kwao, Zonta mwaka 1919 na Soroptimist mwaka 1921, kwa sababu zile kubwa ziliwafungia mlango hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo karibu zote ni za wote, na klabu isiyo na wanawake kwenye uongozi ningeikwepa.

Sasa kazi yenyewe. Nitakaa zaidi kwenye macho, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya kwa karibu.

Siku ya kupima macho watu huiona hivi: meza za usajili, foleni, chati ya herufi ukutani, miwani inagawiwa, picha, kwaheri. Mwanachama asiye na taaluma ya afya anaweza kufundishwa kuandikisha watu, kupima umbali wa mita sita, kumwelekeza mtu afunike jicho moja asome mistari, na kuandika alama. Kuangalia ndani ya jicho ni kazi ya mtaalamu peke yake, na klabu yenye heshima haivuki mstari huo. Mwisho wa siku watu wamegawanyika makundi matatu. Wa kwanza wanahitaji miwani ya kusomea tu, wengi wao wakiwa wamepita miaka arobaini na mikono imekuwa mifupi kwao kila wakifungua kitabu. Hawa unawahudumia palepale. Wa pili wanahitaji miwani ya kupimiwa, kila jicho na namba yake, na hiyo hutengenezwa na kuletwa baadaye. Wa tatu wana mtoto wa jicho, presha ya macho au ugonjwa mwingine unaohitaji hospitali.

Kundi hilo la tatu ndiyo sababu ya siku nzima, na ndilo linalopotea kirahisi kuliko yote. Mtu anapewa karatasi ya rufaa, anaikunja, anaiweka mfukoni, anaondoka. Anahitaji nauli. Anahitaji mtu wa kumsindikiza na wa kukaa naye baada ya upasuaji. Anaogopa kisu kugusa jicho. Wakati mwingine uamuzi si wake, ni wa mwanawe anayeishi mbali. Kwenye klabu yetu tuna watu ambao kazi yao ni simu tu: wanachukua daftari la rufaa na kupiga, wiki baada ya wiki, hadi kila jina liwe na jibu. Amekwenda? Amepangiwa lini? Nani anakwenda naye? Amerudi kukaguliwa?

Namkumbuka mzee mmoja aliyekataa kabisa upasuaji kwa hoja kwamba jicho la pili bado linamtosha. Mwenzetu wa simu hakubishana naye. Alimtafutia mzee mwingine aliyekwisha kufanyiwa, akawakutanisha, wakazungumza wawili bila sisi. Mwezi uliofuata akakubali. Kazi ya aina hiyo haiingii kwenye ripoti ya mwaka isipokuwa kama tarakimu moja katika safu ya "waliofanyiwa upasuaji", lakini kwangu mimi ndiyo huduma yenyewe. Kugawa miwani kunafanywa na yeyote mwenye miwani.

Hapo hapo kwenye macho, utakutana na masanduku ya kukusanya miwani iliyotumika. Nia ni njema, na Lions wana vituo vya kuisafisha, kuipima na kuipanga kwa namba. Kuwa makini klabu ikitaka kuichukua na kuigawa hivihivi bila hatua hizo. Miwani ya mtu mwingine ilitengenezwa kwa macho yake mawili, kila moja na kipimo chake, na kumpata mtu mwenye mchanganyiko uleule si rahisi. Mingi huwa imekwaruzika. Miwani mipya ya kusomea ya bei rahisi, iliyochaguliwa baada ya kupima, humfaa mtu zaidi.

Lions hawakuanza na macho. Walikuwa na umri wa miaka minane pale Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi tangu utotoni, alipohutubia mkutano wao mkuu Ohio mwaka 1925 na kuwaomba wawe watetezi wa wasioona. Walikubali, na miaka mia baadaye bado wako kwenye kazi hiyohiyo. Fikiria marais wangapi wa klabu wamepita hapo katikati, kila mmoja na mawazo yake mapya.

Hilo la marais linanileta kwenye udhaifu mkubwa wa klabu zetu. Rais hukaa mwaka mmoja. Kwa Rotary na Lions mwaka huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Utaratibu huo una uzuri wake: hakuna anayejimilikisha klabu, na mtu mwenye kazi yake na familia anaweza kubeba mzigo kwa mwaka mmoja. Ubaya ni kwamba kila anayeingia anataka mradi wa kukumbukwa nao. Nimeona kisima kilichochimbwa na klabu fulani kwa shangwe, kikafa kwa kukosa kipuri kidogo cha pampu, kwa sababu rais aliyefuata alikuwa na mapenzi na upandaji wa miti. Hakuna kamati ya watumiaji iliyoundwa, hakuna aliyefundishwa kufungua pampu, hakuna mfuko wa matengenezo. Miti nayo, bila mtu wa kuimwagilia kiangazi cha kwanza, unajua inavyoishia. Dawa tuliyoikuta kwa waliotutangulia ni nyepesi: rais wa sasa, aliyemtangulia na rais mteule wanakaa pamoja na kusaini mpango wa miaka mitatu. Anayeingia anaweza kuongeza kitu kipya, lakini hawezi kufuta kilichopo bila klabu nzima kukubali.

Damu ni mfano mwingine mzuri. Klabu haitoi mtu damu, hiyo ni kazi ya huduma ya damu na wataalamu wake. Sisi tunaleta watu, viti, kivuli, vinywaji, na maelezo ya kumtoa mtu hofu. Klabu nyingi hupenda tukio moja kubwa kwa mwaka, lenye muziki na mabango. Tatizo ni kwamba chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hukaa takriban wiki tano hadi sita tu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku chache. Damu ya tukio moja haiwezi kumsubiri mama atakayetokwa na damu wakati wa kujifungua miezi minane baadaye. Wahudumu wa benki ya damu watakwambia wanataka vikundi vidogo vinavyokuja kwa zamu mwaka mzima, hasa misimu ya likizo ambapo wachangiaji hupungua. Kwa hiyo tuna orodha ya wachangiaji wetu, kila mmoja na tarehe yake ya kurudi, na kazi yetu kubwa ni kukumbushana. Haipendezi kwenye picha hata kidogo!

Kuna shughuli moja naipenda na husikii ikitangazwa: ghala la kuazimisha vifaa. Magongo, viti vya magurudumu, fremu za kutembelea, vitanda vya wagonjwa. Mtu amevunjika mguu, anahitaji magongo kwa miezi miwili, hana sababu ya kuyanunua. Anaazima, anarudisha, yanasafishwa, yanakwenda kwa mwingine. Inahitaji chumba, daftari, mtu wa kukaza skrubu na kukagua breki, na moyo wa kumpigia simu aliyekawia bila kumfanya ajisikie mdaiwa. Ukikuta klabu ina ghala la namna hiyo na daftari lake limeandikwa vizuri, jiunge hata kabla ya kumaliza kahawa.

Ukitaka kuona uvumilivu unafika wapi, tazama polio. Mwaka 1979 Rotary ilianza kuchanja watoto Ufilipino, mradi wa nchi moja. Mwaka 1985 wakaugeuza kuwa ahadi ya dunia nzima, na mwaka 1988 mpango wa kimataifa wa kutokomeza polio ukaanzishwa pamoja na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine. Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukiwapooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru dhidi ya virusi vya asili vya polio. Nchi ambazo virusi hivyo havijawahi kukomeshwa zimebaki Afghanistan na Pakistan. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wanachama wa kawaida waliobeba visanduku vya barafu, wakabisha hodi, wakamtia mtoto matone mawili mdomoni na kumpaka wino kwenye kidole ili asirukwe wala asirudiwe. Kisha wakarudi tena duru iliyofuata kwenye milango ileile. Sijui kazi nyingine ya kujitolea inayonipa heshima kubwa kiasi hicho kwa watu nisiowafahamu.

Pesa. Hapa sitasema mengi, ila usione haya kuuliza. Klabu safi ina mifuko miwili iliyotenganishwa: ada za wanachama zinaendesha klabu, yaani mikutano, chakula, makaratasi, na michango ya umma inakwenda kwa umma yote. Lions wanalo hili kwenye kanuni zao. Ukisikia "tutarudisha baadaye", toka. Pia uliza nani alichagua mradi. Miradi mikubwa inayofadhiliwa na Taasisi ya Rotary kupitia ruzuku za kimataifa hulazimu tathmini ya mahitaji ya jamii kabla ya maombi, na napenda nidhamu hiyo hata kwa miradi midogo isiyoomba ruzuku yoyote. Sisi tulipotaka kuipa shule fulani vitabu, walimu walituambia vitabu wanavyo, wanachokosa ni mlango wenye kufuli na mtu wa kukaa maktaba baada ya masomo. Mlango ukapatikana kwa siku chache. Wanachama wanapokezana zamu ya kukaa maktaba hadi leo, na wanafunzi wa klabu ya vijana ya shule hiyo wameanza kushika baadhi ya zamu wenyewe.

Kuhusu chakula na makofi, ni kweli tunakula na tunapiga makofi. Udugu ni sehemu ya klabu, na bila huo hakuna anayeamka alfajiri ya Jumamosi kubeba viti. Mtu akifiwa tunakwenda, akiuguliwa tunakwenda. Usiidharau sehemu hiyo, ila ikiwa ndiyo pekee unayoiona, umealikwa kwenye chama cha marafiki. Si vibaya, lakini siyo ulichokuwa unakitafuta.

Nenda kama mgeni, usilipe ada siku ya kwanza. Hudhuria mkutano wa kawaida badala ya sherehe ya kuapisha viongozi, na ukiruhusiwa, kaa kwenye kikao cha kamati ya miradi. Uliza mradi wa miaka mitatu iliyopita uko katika hali gani leo, na uombe kupelekwa kuuona. Waulize wanategemea nini kutoka kwako: saa ngapi kwa mwezi, zamu zipi. Mimi ningekushauri uombe daftari la simu za rufaa, au kazi yoyote inayofanana nayo kwenye klabu hiyo. Huwa halina foleni ya wanaolitaka, na utaifahamu klabu pamoja na watu inaowahudumia haraka kuliko ukipewa cheo.

Ukishahudhuria rudi hapa utuambie walikujibu nini, hasa hilo la mradi wa miaka mitatu iliyopita.