Wadogo zangu, iacheni databesi ikatae

Wiki hii nimepitia kazi za majunia (madeveloper wanaoanza) wawili, hawafahamiani, hawajawahi kukaa ofisi moja, na wote kwenye database.php, faili la mipangilio ya databesi kwenye Laravel (fremuweki ya PHP), wameandika 'strict' => false. Yaani wamezima ule ukali unaoifanya MySQL ikatae data mbovu. Nikamuuliza mmoja, mdogo wangu hii ya nini? Akasema "bro ilikuwa inaleta eraa ya GROUP BY, nikaigugo, wakasema zima hiyo." (GROUP BY ni amri ya kukusanya rekodi kwa makundi.) Basi, imezimwa, imeisha. Sikumjibu siku ileile maana ningemwonea, kosa hilo mimi ndo fundi wake.

Naandika kwa nyie mnaoanza na mifumo ya shule, saccos, maduka, zahanati. SQL mnaijua, siwafundishi. Ninachowaambia ni kwamba fremuweki mnayobishania kila siku itabadilishwa, kodi yako (code) itafutwa na atakayekuja baada yako tena huku anakusonya, ila data itabaki. Kwa hiyo sheria za data ziwekeni ndani ya databesi yenyewe, msiishie kwenye fomu, na databesi ikisema hiki sipokei, iacheni ikatae.

1. Jina la Ng'ang'a. Mfumo wako wa kusajili wateja unafanya kazi vizuri mpaka aje mtu anaitwa Ng'ang'a, akibonyeza Hifadhi ukurasa unakuwa mweupe. Hiyo koma ya juu imefunga mabano yako ya nukuu, na kama jina la mtu mwema linaweza kuvunja kweri yako (amri unayoipa databesi), fikiria mtu mbaya ataandika nini pale. Kuna junia wangu alitatua kwa str_replace, akawa anaziondoa koma zote, akaja akaniambia bug imeisha. Imeishaje? Cheti cha yule mzee kimetoka Nganga, benki wamekikataa, na mlango uko wazi vilevile kwenye fomu zingine. Zile mysql_query, njia ya zamani ya PHP kutuma kweri, ziliondolewa PHP 7 ilipotoka mwishoni mwa 2015, lakini bado naona watu wameshika mysqli, mrithi wake, halafu wanaunga kweri na jina la mtu kwa nukta kama kawaida. Tumia prepared statement, yaani kweri inatangulia, jina linafuata kivyake kama data tu. Kila mahali, hata kwenye ukurasa wa admin ambao "ni mimi tu nauingia".

2. Usizime strict. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilitengeneza mfumo wa shule moja, jina silitaji, wazazi wanapata SMS za ada na matokeo. Kolamu ya simu nikaipa INT, aina ya namba kamili. Kwa nini INT? Kwa sababu namba ya simu ni namba, si ndo hivyo, na nilijiona mjanja kwamba inakula baiti 4 tu. Sifuri ya mbele ikawa inapotea, 0712 inaingia 712, wala sikushtuka, kwenye kuonyesha nikawa nabandika '0' mbele maisha yanaendelea. Yakaendelea kweli, muhula kwa muhula. Halafu kampuni ya SMS wakabadilisha utaratibu, sasa wanataka namba zianze na 255. Kitu kidogo hicho. Nikaandika migresheni (badiliko la databesi) ya mstari mmoja, UPDATE wazazi SET simu = CONCAT('255', simu), yaani bandika 255 mbele ya kila namba, nikairusha laivu usiku, ikapita bila eraa yoyote, nikafunga laptopu nikalala fofofo.

Mnaoijua INT mmeshaanza kucheka. INT ya kawaida inaishia 2,147,483,647. Namba kama 255712345678 haiingii pale hata uisukume kwa bega. Strict ikiwa imewashwa MySQL inagoma palepale, Out of range value for column 'simu', na hakuna rekodi inayoguswa. Ikiwa imezimwa haigomi, inachukua namba kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba, inaiandika hiyo, na pembeni inaacha onyo ambalo hakuna binadamu analisoma. Asubuhi kila mzazi wa shule ile alikuwa na simu moja, 2147483647. Mwenyekiti wa kamati, mama wa chekechea, wote. Nikajua nimedukuliwa, hasa nilipoigugo nikakuta 214 ni namba za eneo la Dallas, Texas, nikawa nawaza huyu Mmarekani ana shida gani na ada za watoto wetu.

Na strict nani aliizima? Mimi, kwa sababu ya GROUP BY hiyohiyo. Na jamani eraa ile inasema kweli. Kuanzia MySQL 5.7, ukichagua kolamu ambayo haipo kwenye GROUP BY na hujaipitisha kwenye MAX au SUM au nini, inakuuliza: kwenye kundi hili kuna watu kumi, unataka nikupe jina la nani? Swali la haki kabisa. Mimi badala ya kujibu nikamziba mdomo aliyeuliza, na mdomo uleule ndo ulikuwa unalinda simu za wazazi, maana ile swichi ya Laravel haizimi GROUP BY peke yake, inaondoka na ulinzi wote.

Nikajituliza, bekapu si ipo. Kuna kroni (kazi inayojiendesha yenyewe) ya kila usiku, mysqldump inatoa nakala ya databesi, inapita gzip inabanwa, faili linatua kwenye folda. Nikafungua folda, mafaili yamejipanga kwa tarehe, raha tupu, nikatazama saizi: baiti 20. La jana baiti 20, la juzi baiti 20. Baiti 20 ndo gzip ya kitu kisichokuwepo. Nywila ya databesi ilibadilishwa zamani, mysqldump ikawa inakataliwa kila usiku, gzip inapokea hewa inaifungasha vizuri, na kroni ikiona gzip imemaliza salama inahesabu kazi imefanyika. Hapo nilikaa chini sakafuni, sitanii.

Kilichoniokoa ni makaratasi. Fomu za kujiunga zilikuwa kwenye mabox faili kwa sekretari, tukakaa yeye anasoma mimi natype, na kila tukifika namba iliyolowa maji au mwandiko wa daktari ananiangalia kwa juu ya miwani, hasemi kitu. Mkuu wa shule hakunifokea pia. Alipita tu akasema, "Kijana, haya mafaili tulipanga kuyachoma Desemba."

Sasa simu ni VARCHAR (maandishi), weka na UNIQUE (thamani isijirudie). Laiti ningekuwa na UNIQUE pale, hata strict ikiwa imezimwa, rekodi ya pili ingegongana na ya kwanza na InnoDB (injini ya MySQL inayohifadhi data) ingerudisha kila kitu kama kilivyokuwa, mimi ningeamka na eraa nyekundu badala ya ile fedheha. Vivyo hivyo namba ya NIDA, namba ya akaunti, namba ya mtihani: kama huwezi kuijumlisha wala kuigawanya, hiyo ni maandishi.

3. Bekapu ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. GitLab, watu wakubwa wale wa kuhifadhi kodi za watu, tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta folda ya databesi kwenye seva siyo, walipokimbilia bekapu wakakuta pg_dump (mysqldump ya PostgreSQL) ilikuwa inafeli kimyakimya kwa sababu toleo lake halikulingana na la seva, wakapoteza data ya kama saa 6. Weka set -o pipefail kwenye skripti yako, ili mysqldump ikifeli kazi nzima ihesabike imefeli, na kila mwezi rejesha faili moja kwenye mashine ya pembeni uone linafunguka.

4. Malipo ya simu. Kolbeki ya malipo (ujumbe wa kampuni ya malipo kwa seva yako) inaweza kuja mara mbili kwa muamala mmoja, seva yako ilichelewa kujibu basi wanatuma tena, ni kawaida. Junia anafanya SELECT kwanza aone kama risiti ipo, haipo, anaINSERT. Shida ni kwamba zikifika mbili kwa pamoja zote zinauliza, zote zinaambiwa haipo, zote zinaingia. Weka UNIQUE kwenye namba ya risiti, ingiza moja kwa moja, ya pili ikikataliwa wajibu tu kwamba umeshapokea. Risiti na salio viwe kwenye transaksheni moja, viingie vyote au visiingie kabisa. Na msisubiri malalamiko ndo mjue, mteja aliyeongezewa salio mara mbili hatapiga simu hata siku moja, aliyekatwa mara mbili ndo atakuamsha kabla ya adhana.

Stoki pia hivyohivyo. Usisome idadi kwenye PHP ukatoa moja ukarudisha, andika UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = ? AND idadi >= 1, kisha angalia rekodi ngapi zimeguswa. Sifuri maana yake mzigo umeisha.

5. Saa. Seva nyingi ziko UTC (saa ya dunia), sisi tuko mbele saa tatu, kwa hiyo siku ya seva inabadilika kwetu ikiwa saa tisa usiku. Duka la mangi linalofunga saa mbili usiku halitakusumbua. Baa itakusumbua, mauzo ya saa saba usiku yanaingia kwenye ripoti ya jana, mhasibu anadhani kaunta wanaiba, na kaunta mmoja karibu afukuzwe kazi kwa sababu ya time zone. Hifadhi UTC, geuza wakati wa kuonyesha na wakati wa kukata ripoti. Halafu kuna lile letu wenyewe: fomu ya miadi ya kliniki, kisanduku cha saa kiko wazi, mama anaandika 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, databesi inamwandikia saa nane usiku. Wape orodha ya kuchagua, iandikwe asubuhi, mchana, jioni. Mtu asiandike saa kwa mkono.

6. Hizi za chapchap. Hela usiweke FLOAT, inakadiria desimali, weka DECIMAL. utf8 ya MySQL (mfumo wa kuhifadhi herufi) inaishia baiti 3, emoji ni 4, tumia utf8mb4. Hashi ya nywila (nywila iliyofumbwa) usiiwekee VARCHAR(50), ya bcrypt ina herufi 60 na strict ikiwa imezimwa itakatwa mkia halafu hakuna mtu ataweza kulogini (mnaona kila kitu kinarudi palepale). Ukurasa ukiwa mzito hesabu kweri kabla hujaomba seva kubwa, utakuta foreach (kitanzi) inamuita mzazi mmojammoja wakati with() moja ya kuwaleta wote pamoja ingetosha. WHERE DATE(created_at) inaua indeksi (faharasa ya kutafuta haraka), tumia kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, na EXPLAIN ipo, inakuonyesha databesi inavyotafuta, haiumi. Na ukishapushi .env (faili la nywila za mfumo) GitHub, kuifuta kwenye komiti inayofuata haisaidii, historia inabaki, badilisha nywila zote leo kabla hujanywa chai.