Waliofukuzwa Czechoslovakia walihukumiwa na nani?

SWALI: Nimesoma kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wajerumani wapatao milioni 3 walifukuzwa Czechoslovakia, na maelfu waliuawa na wananchi wenye hasira. Kwa maovu waliyoyatenda Wanazi, je, hiyo haikuwa haki? Na je, wauaji walishtakiwa?

JIBU: Hasira ile ilikuwa na chimbuko la kweli, ndugu msomaji, kwani Juni 1942 Wanazi waliwapiga risasi wanaume 173 wa kijiji cha Lidice nchini humo, kisha wakakiteketeza kijiji chenyewe. Lakini tazama ni nani waliolipishwa. Usiku wa kuamkia 31 Mei 1945 Wajerumani zaidi ya 20,000 walitolewa majumbani mwao mjini Brno, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee, wakaswagwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria. Waliokwama Pohořelice, mji mdogo wa njiani, walishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, na 890 wamezikwa karibu na hapo. Tarehe 31 Julai, huko Ústí nad Labem, ghala la silaha lililipuka, na kabla chanzo hakijajulikana, Wajerumani waliotambulikana kwa vitambaa vyeupe walivyolazimishwa kuvaa mkononi walipigwa na kutupwa mtoni kutoka darajani.

Maneno “wananchi wenye hasira” yananikera, kwa sababu yanawaficha wenye bunduki. Karibu na Přerov, mwezi Juni, ni wanajeshi wa Czechoslovakia walioshusha abiria, wengi wao Wajerumani, kwenye treni na kuwaua watu 265, wakiwemo watoto.

Serikali iliunda mahakama maalumu za wananchi, za kuwahukumu Wanazi na washirika wao, kwa amri ya 19 Juni 1945. Humo jaji mmoja aliketi na raia wanne, rufaa haikuwepo, na aliyehukumiwa kifo alinyongwa ndani ya saa mbili. Hata haki hiyo ya haraka hawakuipata waliokufa njiani au mtoni.

Kuhusu swali lako la pili, sheria namba 115 ya 8 Mei 1946 ilitamka kwamba matendo ya kupigania uhuru, au ya kulipiza kwa haki maovu ya wavamizi, hayakuwa kosa iwapo yalitendwa kabla ya 28 Oktoba 1945. Vita vilikuwa vimekwisha mwezi Mei, kwa hiyo kinga hiyo ilifunika miezi mitano ya amani. Ofisa aliyeongoza mauaji ya Přerov alifungwa, lakini aliachiwa kwa msamaha baada ya miaka michache.