Cheti cha siku moja hakimpi fundi ruhusa ya kushusha paa la asbestosi

SWALI: Sisi ni kamati ya shule ya msingi karibu na Nakuru. Madarasa manne yana paa la asbestosi la zamani, na tumepata mabati mapya. Fundi tuliyempata ana cheti cha mafunzo ya asbestosi ya siku moja. Anasema kwa grainda na barakoa atamaliza wikendi moja. Tumkubalie?

JIBU: Hapana. Kisomeni vizuri hicho cheti. Cheti cha siku moja huwa ni cha uelewa tu: mtu anafundishwa kuitambua asbestosi ili asiiguse. Mafunzo ya kuiondoa ni mengine, ya vitendo: kuvaa na kuvua vifaa, kupima kama barakoa imeshika uso, kusafisha eneo. Mwenye ndevu haimshiki hata barakoa ya FFP3, ile ya kiwango cha juu cha kuchuja vumbi. Ya kitambaa wala msiitaje.

Sasa hiyo grainda. Karatasi za paa ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbestosi, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Karatasi ikiwa nzima, saruji imezishika nyuzi hizo, lakini grainda inazifungulia. Halafu mtaambiwa vumbi likitulia hatari imekwisha. Uongo mtupu! Vumbi linaloonekana ndilo zito, huanguka. Nyuzi zinazofika ndani ya mapafu hazionekani kwa jicho, huelea kwa saa nyingi, na Jumatatu mtoto akifagia darasa anazirusha upya. Ugonjwa unaoletwa na nyuzi hizi huchukua miaka 20, hata 40 kujitokeza, kwa hiyo fundi kusema amefanya kazi hii miaka kumi bila kukohoa si ushahidi wa chochote.

Kazi ifanywe wakati wa likizo. Karatasi zilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa pampu ya mgongoni kama ya kunyunyizia dawa shambani, kamwe si mashine ya presha. Bolti zikatwe kwa mkasi wa bolti, karatasi iteremshwe nzima, mkono kwa mkono. Mtu asikanyage paa, maana hukatika ghafla. Afanyie kazi kwenye jukwaa. Fungeni karatasi mara mbili kwa nailoni nene, ya geji 1000, na kubandika lebo ya onyo. Uchafu wa mifereji na wa juu ya dari uondolewe ukiwa umelowa. Ovaroli za kazi hazirudi nyumbani: wapo wake wa wafanyakazi waliougua kwa kuzifua tu.

Tangu Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, asbestosi nchini Kenya ni taka hatari. Mbebaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nanyi mdai nakala ya hati ya ufuatiliaji inayoonyesha mzigo umepokelewa kwenye dampo lililoidhinishwa. Fundi wa bei nusu hana hati hiyo, kwa sababu mzigo wake hauendi dampo. Vipande hujaza mashimo ya barabara, magari yakavisaga kila siku. Karatasi zilizobaki nzima wazazi hugawana za kuezekea mabanda ya kuku, na aliyepewa tano asubuhi, jioni anazikata kwa msumeno uani, watoto wakimshikia.