Kabla ya sindano ya mashavu, uliza itatolewaje

Mdogo wangu, usiende Jumamosi. Umeandika kwamba shavu lako la kushoto limebonyea kuliko la kulia tangu ulipong'olewa magego, ukauliza kuhusu filla (sindano za kujazia uso), kupandikiza mafuta ya mwili, mazoezi ya uso na bei zake, kisha mwishoni ukagusia kwamba kuna mama wa saluni aliyekuahidi sindano "ya kudumu" nyumbani kwake kwa bei nafuu. Ahadi hiyo nilipewa mimi mwaka 2014, kwa maneno hayohayo.

Mashavu yangu hayakubonyezwa na uzee. Nilianza ARV mwaka 2006, na mchanganyiko niliopewa ulikuwa na stavudini, dawa iliyotuokoa wengi lakini iliyokula mafuta ya uso, mikono na miguu, hata WHO ikashauri mwishoni mwa 2009 nchi ziiache hatua kwa hatua. Kliniki ilinibadilishia dawa, lakini mashavu hayakurudi, na kila aliyenitazama kwenye daladala nilihisi amekwisha kuisoma hali yangu usoni. Mtu aliyefikia hapo ni rahisi kumwuzia chochote.

Mchomaji wangu alitoa chupa isiyo na lebo, yenye kimiminika kizito kilichopanda ndani ya bomba la sindano taratibu kama asali. Nilipouliza ni kitu gani, alijibu kuwa ni kolajeni ya Ulaya. Alichoma kiasi kilekile pande zote mbili ingawa shavu la kulia lilikuwa limebonyea zaidi, kwa hiyo hata upogo niliokwenda nao niliondoka nao. Kwa miaka mitatu nilijiona nimepona. Kisha pakatokea kivimbe chini ya jicho la kulia, kigumu kama punje ya kunde, kikateremka kuelekea pembe ya mdomo, ngozi iliyokifunika ikawiva, na kila nilipopata mafua shavu zima lilivimba. Daktari wa upasuaji alikata kipande kikapimwa, ikaonekana ni silikoni ya maji. Alinieleza kwamba haifyonzwi kwa sindano, kwa kuwa imekwisha kutawanyika ndani ya nyama kama mafuta ya taa yaliyomwagika mchangani, na anayetaka kuyatoa hana budi kuuchota mchanga wenyewe. Nimechomwa steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kivimbe mara sita, nimepasuliwa mara mbili, na punje bado ipo. Naigusa sasa ninapoandika. Yule mama aliyenichoma, aliyeniita "mwanangu" siku ile, alizima simu. Nina hasira naye mpaka leo, kwa sababu alijua kwamba hajui kilichomo chupani, na bado akakiingiza usoni mwangu. Hata Marekani, silikoni ya maji ya sindano imeidhinishwa kwa matibabu fulani ya ndani ya jicho tu. Ya kujazia mashavu haijaidhinishwa.

Kwa hiyo usikubali kuchomwa kitu ambacho anayekuchoma hawezi kukitoa. Filla za asidi ya hayaluroniki hudumu kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18, na watu huulalamikia muda huo, lakini hizo zina dawa yake, hayaluronidezi, ambayo ikichomwa huziyeyusha. Tena dawa hiyo iwe chumbani tangu mwanzo, kwani filla ikiziba mshipa wa damu ngozi hupauka na inaweza kufa, na ukizibwa mshipa unaolisha jicho, mtu anaweza kupofuka. Ipo pia asidi ya polilaktiki, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2004 kwa ajili ya watu wenye mashavu kama yangu. Hiyo mwili huimeng'enya wenyewe polepole, lakini haina dawa ya kuiyeyusha, na kwa sindano ya kwanza siwezi kukushauri.

Mpigie huyo mama wako wa saluni leo jioni. Mwulize jina la dawa lililoandikwa kwenye boksi, na ikiharibika ataitoa kwa kitu gani. Ukishapata majibu yake, yaandike hapa kabla hujatuma hata shilingi ya kianzio.