Wenzangu wanavaa majoho Novemba, baba hajui kuwa niliacha chuo

*Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, kwetu Kiomboi, ila nipo Dodoma. Nilianza shahada ya takwimu kwenye chuo kikuu kimoja huku. Mwaka wa kwanza nilivuka na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, nikafeli masomo manne kati ya sita, GPA, yaani wastani wa alama, ikashuka hadi 1.6. Mkopo wangu haukulipa ada yote, baba ambaye ni mwalimu mstaafu alikuwa ananipa pesa ya kujazia. Ile ya muhula huo niliiweka kwenye mikeka ya kubeti mpira nikitegemea itazaa. Nikaona aibu. Muhula wa pili sikuingia darasani, mitihani sikufanya, na sikumwandikia mtu yeyote barua. Sasa niko kwenye steshenari karibu na chuo, najaza watu fomu za udahili na mikopo, nalipwa 180,000 kwa mwezi. Nyumbani wanajua niko mwaka wa tatu na nahitimu Novemba. Baba bado ananitumia 30,000 ya matumizi kila mwezi. Mama na mashangazi wameshachagua kitenge cha sare. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita na anataka kuja chuo hiki hiki. Nataka kurudi Oktoba. Nianzie wapi? Na je, kuna haja ya kumwambia baba, au nirudi nimalize kimyakimya?*

*Mtoto wa Mwalimu, Dodoma*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeifupisha, ilikuwa ndefu. GPA uliipa aya nzima. Mhadhiri wa hesabu anayefundisha mbio ukampa aya na nusu. Kitenge nacho kikapata aya yake, mpaka rangi nimeijua. Mikeka ukaipa sentensi moja, ukaivuka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Hukusema ni shilingi ngapi, hukusema ilianza lini, na kubwa zaidi, hukusema kama umeacha.

Kwa hiyo kabla sijakujibu kuhusu Oktoba, nijibu wewe. Wiki hii umebeti?

Siulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu jibu ndilo litakaloamua kama kurudi chuo ni mpango au ni mkeka mwingine. Angalia ulivyopanga: utarudi, hutamwambia mtu, pesa itapatikana, utamaliza, kisha siku ya joho yote yatakuwa yamesahaulika. Mechi nne, zote zitiki kwa mpigo, na ya kwanza tu ikikataa mkeka wote umechanika. Ndivyo ulivyofikiria ulipoichukua ada ya Mwalimu, na ndivyo unavyofikiria leo.

Nina shaka na maelezo yako kwamba hesabu zilikushinda. Mwaka wa kwanza ulivuka, kwa sapu, lakini ulivuka. Ulichokosa mwaka wa pili nadhani ni kuwepo. Mtu anayefuatilia ligi ya Uingereza, ya Hispania na ya nchi ambazo hata hajui mji wake mkuu, mpaka saa nane usiku, asubuhi saa mbili hayuko darasani hata akiwa amekaa pale. Na mfumo wa pesa vyuoni haumsaidii. Pesa ya chakula na malazi inahesabiwa 10,000 kwa siku, lakini haitolewi kwa siku. Hilo ndilo bumu, na linaingia kwa mkupuo. Kijana anaamka ana laki kadhaa, na simu iliyomletea habari hiyo ndiyo hiyo hiyo yenye akaunti ya kubeti. Nimepokea barua nyingi za wanafunzi, na wanaojieleza kuwa walifeli kwa "uvivu" ninaanza kuwauliza swali hili hili.

Fanya hivi leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Ingia kwenye simu, vuta taarifa ya miamala ya miezi sita, ujumlishe kila kilichokwenda kubeti. Usikadirie, jumlisha. Wewe ni mtu wa takwimu. Kisha wapigie watu wa kampuni ya kubeti uombe waifunge akaunti yako, na umwambie mtu mmoja unayemwamini hapo Dodoma kuwa umefunga. Kama huwezi kukaa mwezi mzima bila kucheza, hapo ndipo pa kuanzia, na chuo kisubiri. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni imeshasikia habari za kubeti kabla yako. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, nayo iko hapo hapo Dodoma, na kwenda kuzungumza na mtaalamu hakumfanyi mtu kuwa kichaa, wache watu wa mitaani waseme watakavyo.

Sasa chuo. Nianzie wapi, umeuliza. Anzia kwa kujua wewe ni nani kwenye makaratasi yao.

Kwenye barua umesema "niliacha". Mdomoni inatosha, ofisini haitoshi. Kuna aliyeahirisha masomo: huyu aliandika barua mapema, akaeleza sababu, ikapita idarani na kwa mkuu wa kitivo, akapewa barua ya kumruhusu. Yeye anarudi mahali alipoishia. Kuna aliyedisko: matokeo yalikaliwa na kikao, GPA haikufika kiwango cha chuo au masomo aliyofeli yalizidi, akaandikiwa kuwa ameondolewa. Halafu kuna aliyepotea tu. Wewe ni huyu wa tatu, na nakuonya kwamba vyuo vingi humhesabu mtu aliyekosa mitihani bila ruhusa kuwa ameshindwa, kwa hiyo usishangae ukikuta umeshahamishiwa kundi la pili bila wewe kujua. Barua inaweza kuwa ipo kwenye akaunti yako ya mwanafunzi tangu mwaka jana na hujaifungua kwa woga.

Ifungue. Kisha nenda kwa mkuu wa idara yako, kwa miguu, ukiwa umevaa vizuri na namba ya usajili mkononi, umwambie ukweli kwa sentensi tatu. Omba akuelekeze ofisi ya udahili ukapate mambo mawili kwa maandishi: hali yako ya sasa, na matokeo yako yote mpaka ulipoishia. Uliza pia ukomo, yaani chuo kinamruhusu mwanafunzi kukaa miaka mingapi kwenye kozi ya miaka mitatu, kwa sababu miaka hiyo inahesabika hata ukiwa steshenari. Usiende na cheti cha daktari cha kutunga. Najua steshenari zinatengeneza vitu vingi, na wewe unajua kuliko mimi. Chuo kikigundua karatasi ya kughushi, suala la kufeli linageuka kuwa la nidhamu, na hapo hakuna wa kukutetea.

Ukikuta umeondolewa, vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita bado ni vyako. Unaweza kuomba udahili upya dirisha likifunguliwa, ukaanza mwaka wa kwanza kama wengine. Inauma, lakini ni mlango. Ila "kimyakimya" haipo hata huko. Ombi la udahili linabeba namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, ombi la mkopo linabeba namba hiyo hiyo, na historia yako inafuata namba. Hili hukupaswa kulisikia kwangu, unalijaza kila siku kwenye fomu za watu.

Kuhusu mkopo, usipige hesabu ya kurudi ukiwa umeliweka bumu ndani. Ulichokwisha kuchukua ni deni hata kama hukuhitimu, na siku ukiajiriwa Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Kupewa tena ni jambo la kuuliza kwa afisa mikopo wa chuo, si la kutegemea. Na kama muhula ule wa pili ulisaini bumu kisha hukuingia darasani, mwambie afisa huyo mwenyewe kabla hajaliona.

Nije kwa baba.

Unaniuliza kama kuna haja. Mwanangu, mzee anayeishi kwa pensheni ya ualimu anakutumia 30,000 kila mwezi kwa ajili ya masomo ambayo hayapo. Mwaka jana ulikuwa unaficha aibu. Leo unapokea pesa kwa uongo, na wewe una mshahara. Hata ungekuwa unarudi chuo kesho, pesa hiyo ilipaswa kusimama jana. Tena huyo mdogo wako akija, siku ya kwanza atauliza darasa la kaka yake. Habari itafika Kiomboi kwa simu, ikiwa imeongezwa chumvi na mtu asiyekupenda.

Usimwambie baba kwa simu. Panda basi. Na usiende peke yako mlangoni. Mtafute baba mdogo, au mwalimu mwenzake wa zamani anayeheshimiana naye, mtangulize. Hayo ndiyo matumizi ya wazee wetu, habari nzito hailetwi na mwenye kosa peke yake. Watu wengi wangekushauri uanze na mama. Mimi sikushauri. Mama atabeba siri yako usiku kucha, atatafuta siku nzuri ya kuisema, siku hiyo haitafika, na baba akijua baadaye atakuwa amedanganywa na watu wawili ndani ya nyumba yake. Wakalishwe wote wawili pamoja.

Nenda na karatasi. Baba yako amesahihisha madaftari maisha yake yote, maneno matupu hayatamtosha. Mpe barua ya chuo inayoonyesha hali yako, na ile jumla uliyoifanya kwenye simu. Anza na mikeka, kisha kufeli, kisha kuondoka, kwa sababu ndivyo yalivyofuatana. Ukianza na mhadhiri aliyekuwa anafundisha mbio, atakukatiza na atakuwa na haki. Rudisha kitu mkononi mwake, hata kama ni 60,000, na useme utarudisha iliyobaki kwa kiasi gani kila mwezi. Usiape kwamba utahitimu mwaka fulani. Akikasirika, kaa. Akinyamaza siku tatu, chota maji, palilia, mjibu akikuita. Huenda akasema maneno ya kukuumiza, na sitakudanganya kwamba wazazi wote husamehe kwa haraka.

Sare za mahafali waache wazishone au wasizishone, wataamua wao. Kitenge kitavaliwa kwenye harusi ya mtu.

Baada ya hapo tuzungumze Oktoba. Jibu langu ni hapana, si Oktoba hii, labda chuo chenyewe kikupokee kwa barua, ada ya muhula iwe mkononi na mikeka iwe imelala miezi mitatu. Mwaka mmoja wa kufanya kazi ukiwa huna unachoficha utakufaa kuliko muhula mwingine wa kukimbizana na muda. Kwa 180,000 huwezi kuweka ada yote, lakini unaweza kuweka 50,000, na unaweza kujua kama wewe ni mtu anayeweza kuweka 50,000 ikakaa.

Tena jiulize kama unarudia takwimu kwa kuwa unaipenda au kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi za mwaliko. Barua nzima hukuandika neno moja zuri kuhusu kozi hiyo. Kuhusu steshenari uliandika kwamba wateja wanakuita "IT" na unatengeneza mashine zao za kuchapa. Stashahada ya teknolojia ya habari kwenye chuo kinachosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, inawezekana kwa matokeo yako ya kidato cha sita, na ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, mlango wa shahada unafunguka kutokea huko. Kwa baadhi ya watu hiyo ni njia fupi, ingawa kwenye ramani ni ndefu.

Kipo pia Chuo Kikuu Huria, ambacho sheria yake ilipita mwaka 1992 na kina vituo mikoani, Dodoma na Singida ikiwemo. Unasoma ukiwa kazini. Nakitaja kwa tahadhari, kwa kuwa pale hakuna anayekuamsha wala kengele, na wewe kwa sasa hujaonyesha kwamba unaamka mwenyewe. Ukikaa mwaka mmoja sawasawa, kifikirie.

Mdogo wako akija kujaziwa fomu, mwambie kabla hujafungua kompyuta. Mueleze bumu linavyoingia na linavyokwisha. Akichagua chuo hicho hicho, hilo ni lake.

Nambari ya jumla ya miamala, ukishaipata, niandikie. Hata kama ni kubwa.

Shangazi