Maswali Yenu Kuhusu Nyama: Noeni Kisu Kwanza

Barua za nyama zimejaa tena. Nimechagua chache, na zile zinazofanana nimezijibu kwa pamoja.

Walawi 11 imekataza nguruwe. Mbona Wakristo wengi wanamla?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila likirudi naona muulizaji kaishia Walawi. Endelea kusoma. Marko 7:19 inasema Yesu alivitakasa vyakula vyote. Matendo 10 ina maono ya Petro, shuka iliyojaa wanyama wa kila namna. Kisha Matendo 15:29 inawaagiza waamini wasio Wayahudi wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, na vilivyonyongwa. Nguruwe hatajwi hapo. Waadventista Wasabato wanashikilia kwamba mgawanyo wa safi na najisi bado upo, na Waorthodoksi wa Ethiopia nao hawamli, kwa hiyo usimdharau anayemwacha. Kinachonisikitisha ni kwamba watu wanazozana juu ya nguruwe miaka nenda rudi, na damu, iliyokatazwa tangu siku za Nuhu katika Mwanzo 9:4, kabla Musa hajazaliwa, hakuna anayeiuliza.

Mimea nayo ina uhai. Anayekula mboga ana tofauti gani na anayekula ng'ombe?

Ng'ombe ana ubongo na mishipa ya fahamu. Anaumia na anaogopa. Kabichi haina. Tena huyo ng'ombe kalishwa mimea mingi kuliko ambayo ungekula wewe mwenyewe, basi ukiionea mimea huruma, bado hesabu inakukataa. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India isiyodhuru kiumbe, huacha hata viazi na vitunguu, kwa sababu kung'oa mzizi kunaua mmea mzima na vidudu vya udongoni. Hao wakiuliza nitakaa nao chini. Wengine, lipumzisheni.

Mimi ni Muislamu. Nikiacha nyama maisha yangu yote nitakuwa nimekosea?

Hapana. Kosa ni kuiharamisha, maana Qur'ani 5:87 inakataza kuharamisha vizuri alivyohalalisha Mwenyezi Mungu. Sema "siili", basi.

Ni kweli Budha aliruhusu nyama?

Maandiko ya kale ya Kibudha, yaliyo katika lugha ya Kipali, yanamruhusu mtawa kupokea nyama ikiwa hakuona, hakusikia wala hashuku kwamba mnyama ameuawa kwa ajili yake. Mtawa huyo alipita na bakuli akala alichopewa. Baadaye watawa wa Mahayana, tawi mojawapo la Ubudha, hasa wa China, waliona sharti hilo halitoshi wakaacha nyama kabisa, nami nawaelewa. Anayenunua nyama kila wiki hawezi kujificha nyuma ya bakuli la mtawa. Pesa yake ndiyo inayomtuma mchinjaji, na haoni kwa sababu machinjio yana ukuta.

Afadhali Mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 kabla ya Kristo. Aliandikisha kwenye mwamba kwamba jikoni kwake, walikochinjwa wanyama wengi mno kila siku, sasa wanachinjwa watatu tu: tausi wawili na paa mmoja, na paa mwenyewe si kila siku. Hao nao, akaahidi, wataachwa. Hakujifanya msafi. Alihesabu, akaitangaza hesabu yake.

Nikishajua aliyechinja ni Muislamu na ametaja jina la Mwenyezi Mungu, kuna lingine la kuuliza?

Lipo, na ndilo ninaloling'ang'ania kila mwaka. Kama umeuliza juu ya nyama yenyewe, masharti ya kuchinja yakitimia inalika, na aliyemtesa mnyama atabeba dhambi yake. Lakini soma hadithi ya Mtume iliyomo katika kitabu cha Sahih Muslim: Mwenyezi Mungu ameandika ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila kitu, mnapochinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Ipo na nyingine ya mtu aliyekuwa akinoa kisu huku kondoo anamtazama. Mtume akamuuliza, unataka kumuua mara mbili?

Nimesimama machinjioni alfajiri. Mbuzi wa tatu alikuwa amefungwa miguu tangu jana yake, kamba imemla ngozi hadi wekundu unaonekana, ulimi umekauka. Kisu kilifutwa kwenye suruali kikarudi kazini. Mkato wa kwanza haukufika, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Bismillahi niliisikia kwa masikio yangu, imetamkwa sawasawa.

Wayahudi mchinjaji wao hupitisha makali ya kisu kwenye ukucha kabla ya kuchinja, akitafuta pengo. Akichinja kwa kisu chenye pengo, nyama haifai. Ninyi mnaniandikia kuuliza jina la mchinjaji. Sijapokea hata barua moja inayouliza kama kisu kilinolewa, au kama mnyama alipewa maji. Wakristo nao wasikae pembeni, kwani Mithali 12:10 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Na jihadharini na kuku. Kati ya wanyama wa nchi kavu wanaochinjwa duniani, zaidi ya bilioni 70 kwa mwaka, wengi mno ni kuku, na ndio tunaowaonea huruma kidogo kuliko wote.

Binti yangu wa miaka 13 ameacha nyama tangu aone mbuzi akichinjwa. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, mama, na usiruhusu kaka zake wamcheke mezani. Akiendelea na mayai na maziwa atakuwa salama mradi anakula na kunde za kutosha. Akiviacha navyo, lazima apate vitamini B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezewa, maana mimea haina ya kutegemewa, na upungufu wake huharibu damu na neva polepole bila dalili za mapema. Mpeleke apimwe. Na akikuuliza kama yule mbuzi aliumia, usimdanganye.